Barua, Redio na Kundi la Simu: Ushirika wa Wakristo Dodoma

Mchungaji wa nyanda za kati za Tanzania hajawahi kuwa na waumini wake wote mbele ya macho yake. Wagogo walijenga tembe zao mbalimbali, kila kaya na zizi lake na shamba lake la uwele na mtama, na mvua ilipokosekana waliwahamishia ng'ombe penye malisho. Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoangukia miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, iliua maelfu na kuwatawanya waliosalia. Kazi ya kuwaunganisha waumini wasioonana ilianza zamani sana kabla ya simu. Kundi la WhatsApp la jumuiya ya waumini wa Makole, jijini Dodoma, leo limekuja baada ya mwalimu wa miguu, barua, gazeti, redio na kanda ya kaseti. Vyombo hivyo havikuzaa matunda sawa. Vilivyojenga ushirika ni vile vilivyompa aliye mbali nafasi ya kujibu. Vingine, hata vilipopendwa sana, vilimwacha akiwa msikilizaji tu.

Wamisionari wa shirika la CMS la Kanisa la Uingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876 na kukiimarisha kituo chao miaka miwili baadaye. Mvumi, kusini mashariki ya Dodoma, ilipata kituo mwaka 1900, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1914 kilianzishwa Kongwa chuo cha kufundisha walimu na watumishi wa kanisa, ambacho leo ni Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo. Wachungaji waliowekewa mikono walikuwa wachache mno kwa eneo lile, hivyo aliyelibeba kanisa kwa kweli alikuwa mwalimu wa kijiji. Ndiye aliyefundisha kusoma, akaongoza ibada ya Jumapili, akawaita watu kwa kugonga kipande cha chuma, akaandika katika daftari nani amekuja, nani anaumwa, nani amehama. Mchungaji alipopita kutoa Komunyo, pengine baada ya miezi, daftari hilo ndilo lililomwambia aende nyumba ipi. Wakati wa vita Wajerumani waliwakamata wamisionari na walimu wa CMS, na wengi wakafungwa Tabora. Ushirika haukufa, kwa sababu ulikuwa umekaa mikononi mwa watu waliofahamiana kwa majina.

Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu mjini Dodoma likawekwa wakfu mwaka 1933. Upande wa Wakatoliki, wamisionari Wapasionisti kutoka Italia walifika miaka ya 1930, na Dodoma ikawa jimbo kamili mwaka 1953. Makanisa yote mawili yalikabiliwa na umbali uleule, na kwa muda mrefu dawa yake ilikuwa baiskeli, miguu na barua.

Barua ilipata nguvu mpya kwa njia ya uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Katoke upande wa Ziwa Viktoria mwaka 1939, kisha ukaenea hadi nyanda za kati. Kuanzia miaka ya 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi nchini Uganda ambaye baadaye alikuja kuwa askofu mashuhuri, alifundisha Dodoma katika Shule ya Sekondari ya Alliance. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Wagogo, na tangu mwaka 2007 majengo yake ni ya Chuo Kikuu cha St John's. Waliookoka katika uamsho huo waliitana ndugu bila kujali kabila wala cheo, jambo zito katika koloni lililomtenganisha Mzungu na Mwafrika mezani na kanisani. Walikutana kuungama, kusoma Neno na kuimba, na walipotengana waliandikiana.

Barua za ndugu zilikuwa na desturi yake. Moja ilinakiliwa mara nyingi na kupelekwa vituo mbalimbali, ikasomwa kwa sauti mbele ya wenzao, kisha ikajibiwa. Ndani yake mlikuwa na majina ya waliookoka, waliorudi nyuma, walioko safarini na siku ya kuwapokea, pamoja na maombi kwa ajili ya mgonjwa fulani. Mahubiri yalikuwa machache. Habari za watu ndizo zilizojaa ukurasa. Mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kufika Kigali wala Kabale alijua huko kuna nani na anapitia nini, na alitarajiwa kuandika yake. Bila ofisi wala bajeti, watu wa nchi mbalimbali walijiona wa nyumba moja. Katika historia ya kanisa la eneo hili hakuna chombo kilichofanana zaidi na kundi la simu la leo kuliko barua hiyo.

Magazeti na vitabu vilifuata njia nyingine. Kiongozi, gazeti la Wakatoliki, lilianza mwaka 1950, na Lengo la Nairobi mwaka 1964. Dodoma yenyewe ilipata Central Tanganyika Press mwaka 1954, nyumba ya uchapaji iliyotoa vitabu vya ibada na mafundisho. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilitoka mwaka 1952 na ile ya Kigogo mwaka 1962. Maandiko hayo yaliwapa waumini lugha moja ya imani. Lakini gazeti lilimfahamu msomaji kama mnunuzi, na mwenye njaa ya kijijini hakuwa na njia ya kuonekana ndani yake.

Redio ilikuja kwa mzunguko usiotarajiwa. Daktari Paul White wa Australia alihudumu katika hospitali ya Mvumi kuanzia mwaka 1938 hadi 1941. Aliporudi Sydney alianza kusimulia redioni na vitabuni habari za daktari wa porini, na maelfu ya watoto wa Australia wakakua wakiyajua maisha ya Ugogo kabla Ugogo haujapata redio ya kusikiliza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 tu. Kisha tarehe 26 Februari 1963 kituo cha Sauti ya Injili cha Walutheri kilifunguliwa Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi. Serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha mwezi Machi 1977, lakini masafa mafupi hayakunyamaza: FEBA ilirusha kutoka Shelisheli na Trans World Radio kutoka Swaziland.

Watayarishaji wa vipindi hivyo walijua kwamba sauti peke yake haitoshi, ndiyo maana walimalizia kwa anwani. Msikilizaji aliandika swali lake, akajibiwa hewani au kwa posta. Waadventista Wasabato walilikuza jambo hilo hadi likawa shule. Masomo ya Biblia ya Sauti ya Unabii yalitumwa kwa posta, mwanafunzi akajaza majibu, akayarudisha, akasahihishiwa na mwishowe akapewa cheti. Vilevile Radio Tanzania ilikuwa na kadi za salamu, ambazo wasikilizaji walizinunua na kujaza majina ya jamaa ili yasomwe hewani. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, redio za dini ziliikuta desturi hiyo tayari. Radio Maria ilianza Songea mwaka 1996, na Wakatoliki wa Dodoma wakawa na Radio Mwangaza. Kwa bibi kizee aliyelazwa nyumbani kwake Bahi au Chamwino, rozari ya redioni na salamu kutoka kwa jirani zilikuwa kanisa lililomfuata kitandani. Hilo si jambo dogo, na wanaoidharau redio kwa sababu ya simu wanasahau kwamba yeye bado anaisikiliza.

Lakini ushirika wa kudumu ulijengwa katika miaka ya 1970 bila chombo chochote. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilizihamishia kaya zilizotawanyika katika vijiji vya ujamaa, na watu wakajikuta majirani kwa mara ya kwanza. Mfumo wa nyumba kumi, uliosimamiwa na balozi, ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba kanisa la hapa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na Tanzania ikalipokea jambo hilo kwa moyo kuliko nchi nyingi. Walutheri na Waanglikana nao wana mikusanyiko ya namna hiyo, nyumba kwa nyumba. Jumuiya ni kaya chache za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki kwa zamu. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inasoma Injili, inatembelea wagonjwa, inachanga rambirambi. Padre mwenye parokia ya maelfu ya watu anawajua kupitia viongozi wa jumuiya, kama mchungaji wa zamani alivyowajua kupitia daftari la mwalimu.

Mji wenyewe ukabadilika. Chama tawala cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, lakini kwa miaka mingi uhamaji ulikwenda polepole. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza serikali ihamie kweli, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Makole, kata iliyo karibu na katikati ya jiji na inayojulikana kwa kituo chake cha afya, iko ndani ya mabadiliko hayo. Katika mitaa ya namna hii mwenyeji wa Kigogo anaishi ukuta kwa ukuta na mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa mwaka wa pili na mfanyabiashara aliyetokea Singida. Mtumishi huyo anasali Dodoma, lakini ahadi yake ya ujenzi bado iko katika kanisa la kwao Moshi au Njombe. Mwanafunzi aliye katika umoja wa Kikristo wa wanafunzi kama UKWATA au TAFES ana ndugu wa kiroho mkoani kwao na wengine chuoni. Waumini wengi wa jiji sasa wana makanisa mawili, na mchungaji anayelisahau hilo hushangaa kwa nini watu wake hawatulii.

Kabla ya simu janja, kwaya ndizo zilizowahi kuvuka umbali huo. Kanda za kaseti, kisha CD na VCD, zilizibeba sauti za Dodoma hadi Kenya na Kongo. Rose Muhando, aliyetokea katika Kwaya ya Mtakatifu Maria ya Kanisa Anglikana Chimuli, alijulikana Afrika Mashariki nzima baada ya albamu yake Mteule Uwe Macho ya mwaka 2004. Kanda hizo zilipendwa kupita kiasi, lakini hakuna aliyeweza kuijibu kanda.

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, zikafika mikononi mwa watu wa kawaida miaka ya 2000. M-Pesa ilianza mwaka 2008, na mkonga wa intaneti wa SEACOM ukafika Dar es Salaam Julai 2009. Kwanza wachungaji walituma ujumbe mfupi wa maandishi, mstari wa Biblia alfajiri au taarifa ya mkutano. Katikati ya miaka ya 2010 WhatsApp ikachukua nafasi yake. Yaliyodumu ni makundi yaliyofuata umbo la ushirika uliokwishakuwepo: jumuiya, kwaya, umoja wa wanawake, baraza la wazee. Kundi la parokia nzima, lenye mamia ya watu, kwa kawaida hugeuka ubao wa matangazo. Kundi la jumuiya lina watu waliokwisha kula pamoja, na huko mtu huthubutu kuandika kwamba mwanawe ana homa.

Ujumbe wa msiba unaonyesha jinsi kundi linavyofanya kazi. Katibu huanza na salamu, Bwana Yesu asifiwe au Tumsifu Yesu Kristo, kulingana na kanisa. Hutaja marehemu kwa uhusiano wake na mwanajumuiya: mama mzazi wa ndugu yetu fulani. Hueleza msiba uko nyumba ipi, mwili utatoka hospitali saa ngapi, mazishi ni kijiji gani, gari litaondokea wapi. Chini huja namba ya mweka hazina na jina litakalotokea mtu akituma pesa. Kisha huanza orodha: wa kwanza kuchanga huandika jina lake na kiasi, wa pili huinakili na kuongeza lake chini, na hivyo hivyo hadi usiku. Aliyehamishiwa Kigoma naye yumo, namba kumi na saba, na kesho yake jina lake litasomwa msibani pamoja na ya waliohudhuria. Mchungaji makini huisoma orodha hiyo kwa jicho jingine. Hatazami nani ametoa kiasi gani. Anatafuta nani amekaa kimya wiki ya tatu sasa, kisha anampigia au anakwenda kubisha hodi. Kumtambua asiyejibu ni kazi ileile iliyofanywa na daftari la mwalimu, na ndiyo sehemu ya huduma ya mtandaoni ambayo haiwezi kukabidhiwa mashine.

Ugonjwa wa korona uliyapima mazoea haya kwa namna yake. Tarehe 22 Machi 2020, Jumapili, Rais Magufuli akiwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba jijini Dodoma aliwahimiza Watanzania wasiogope kwenda kusali. Wakati huohuo Kenya ilifunga nyumba za ibada, na wachungaji wa Nairobi na Mombasa wakalazimika kuhamishia kila kitu kwenye skrini. Nchini Tanzania makanisa yalibaki wazi, ingawa Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha misa za hadhara kwa muda mwezi Aprili. Matokeo yake ibada ya mtandaoni haikuchukua nafasi ya ile ya benchi. Ilikaa kando yake. Simu ilifungwa kwenye kistendi karibu na mitambo ya muziki, ibada ikarushwa mubashara Facebook au YouTube kwa ajili ya wagonjwa, walio safarini na walioko ughaibuni. Walimu kama Christopher Mwakasege wa Arusha, ambao semina zao hurushwa moja kwa moja, hufuatiliwa na watu kutoka madhehebu yote. Hata hivyo matangazo ya mubashara yana upungufu uleule wa redio. Mtazamaji anaandika Amina, maandishi yanapanda na kupotea, na hakuna anayejua kama amekula.

Makanisa yaliyotaka zaidi ya hapo yalirudia njia za zamani. Baada ya ibada mtu mmoja anakabidhiwa kazi ya kuwapigia waliotazama kutoka mbali. Somo hupelekwa jumuiyani likajadiliwe kwa sauti zilizorekodiwa, na sauti za wazee kwa Kigogo hupokelewa kwa furaha kuliko maandishi marefu ya Kiswahili cha vitabuni. Bando ni ghali kwa wengi, hivyo sauti ya dakika mbili hufika pale ambapo video ya saa nzima haifiki. Wenye simu za kitochi hawako kundini kabisa. Wengi wao ni wanawake na wazee, yaani walewale wanaohitaji kutembelewa. Jumuiya yenye busara humpa kila mmoja wao jirani wa kumsomea taarifa.

Hatari nazo zimeongezeka. Ujumbe wa kitapeli wa kuomba pesa zitumwe kwenye namba fulani, unaojulikana na kila Mtanzania, huvaa sauti ya mchungaji au jina la mweka hazina. Jumbe za kutisha zinazoamuru zisambazwe kwa watu kumi huingia hadi makundi ya wazee wa kanisa. Ungamo au ugomvi wa ndoa, ambao ndugu wa uamsho waliusikia wakiwa wameketi pamoja, ukiandikwa kundini hupigwa picha na kuzunguka mji mzima kabla ya jioni. Makundi mengi yameweka masharti: siasa marufuku, biashara kwa ruhusa, siri za mtu zizungumzwe ana kwa ana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa pia muumini anayesambaza uongo, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizofuatwa na nyingine mwaka 2020, ziliwataka waendeshaji wa redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Chombo chenyewe hukatika. Mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020, na intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwa sababu hizo katibu mzuri wa jumuiya bado ana orodha ya karatasi: majina, namba za kupiga za kawaida na nyumba. Orodha hiyo nayo sasa imeingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya majina na namba za watu aeleze anazitumia kwa kazi gani na azilinde zisifike kwa wasiohusika, na matakwa hayo yanahusu ofisi ya parokia kama yanavyohusu benki.